Mfinyanzi Hulia Gaeni: Mama na Mimi Kwenye Darasa la Udongo, Cedar Hill

"Mwanangu, nitafutie tiketi nirudi nyumbani."

Mama aliniambia hivyo asubuhi moja ya mwezi wa nane. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, bado nimevaa sare, viatu mkononi. Alikuwa amekaa jikoni, mikono mapajani, anatazama dirishani. Chai niliyomwachia kwenye chupa tangu jioni hakuwa ameigusa.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikamuuliza kama kuna mtu amemkosea. Akanitazama, akasema, "Nani anikosee? Humu ndani kuna mtu?"

Wengi wetu tunaoishi huku tunaijua hadithi hii. Tunahangaika na viza ya mama mwaka mzima, tunakusanya nauli, tunakwenda kumpokea uwanja wa ndege na maua na koti, tunapiga picha. Wiki mbili za kwanza ni sherehe. Halafu likizo inakwisha. Mimi hufanya zamu za saa kumi na mbili, baba watoto huondoka alfajiri, mtoto huenda shule ya awali. Mama anabaki na televisheni inayozungumza lugha asiyoijua.

Cedar Hill ni mji mzuri. Uko kusini-magharibi mwa Dallas, una vilima na miti, jambo la nadra katika eneo hili la tambarare, na ukiwa mbali unaitambua kwa minara yake mirefu ya televisheni. Upande wa magharibi kuna ziwa la Joe Pool. Lakini si mji wa kutembea kwa miguu. Jirani humwoni, unaona gari lake likiingia gereji na mlango ukishuka. Kwa mwanamke aliyezoea kusalimiana na watu ishirini kabla ya kufika ziwani kuchota maji, ukimya ule ulikuwa mzito.

Ninachojilaumu ni hiki. Kazini nawauliza wazee kila siku: Unakula? Unalala vizuri? Kwa siku unazungumza na nani? Hayo ni maswali ya kwanza tunayofundishwa, tangu stashahada kule nyumbani hadi shahada niliyoichukua huku. Nyumbani kwangu sikuwa nimemuuliza mama hata moja. Nilikuwa nahesabu tu kama amemeza dawa ya presha.

Nyumba inayomwagiliwa maji

Siku hiyo sikulala. Tulikwenda kukaa nyuma ya nyumba kabla jua halijawa kali. Jirani alikuwa analaza mpira wa maji kuzunguka msingi wa nyumba yake, kama afanyavyo kila kiangazi.

"Yule anamwagilia nini?" mama akauliza. "Mbona sioni mboga?"

Nikamweleza kwamba anaimwagilia nyumba. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande huu wa Texas ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukipata mvua unavimba. Ukikauka unasinyaa hadi ardhi inafunguka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuka na kushuka, na kuta hupasuka. Kwa hiyo watu hulowesha udongo kandokando ya msingi ili usikauke kupita kiasi. Aina moja ya udongo huo, inayoitwa Houston Black, inajulikana kama udongo wa jimbo la Texas, kama vile jimbo lilivyo na ua lake na ndege wake.

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa saba. Akainama, akachimba donge la udongo kwa kijiko cha chai, akalilowesha, akalikanda kiganjani. Akausokota ule udongo kama uzi, akauzungushia kidole chake cha shahada. Haukukatika.

"Unafinyangika," akasema. "Lakini una uroho wa maji. Chungu chake kitapasuka kabla hakijaona moto."

Akafinyanga kibakuli cha ukubwa wa ganda la yai, akakiweka dirishani. Kesho yake kilikuwa vipande vinne. Akaniletea vile vipande mezani na kunieleza kila ufa umeanzia wapi na kwa nini, kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Nilimsikiliza nikajua kwamba nyumbani kwangu kuna mtaalamu, na nimemwacha akikunja nguo.

Jambo nililolificha

Mama yangu ni Mkisi wa Ikombe, kijiji kilichoshikwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone, wilayani Kyela. Mlima umeporomoka hadi karibu na maji, mashamba ni machache, kwa hiyo wanawake wa Kisi tangu zamani wamekula kwa ufinyanzi. Vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi, na kutoka hapo hupanda magari kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Mama anasema enzi za bibi yake chungu kilibadilishwa kwa nafaka: mnunuzi alikijaza mahindi, akamwaga mahindi, akaondoka na chungu.

Mimi nilisoma kwa vyungu hivyo. Ada, daftari, sare, godoro la bweni, vyote vilitoka kwenye mikono ile. Na nilipofika chuo cha uuguzi, mtu akiniuliza mama yako anafanya kazi gani, nilijibu, "Ni mfanyabiashara." Sikuwa nasema uongo, maana alikuwa anauza. Lakini nilijua ninachokificha. Sikutaka kuitwa mtoto wa vyungu. Kila likizo nilisugua kucha zangu kwa brashi ili udongo usionekane.

Sasa fikiria aibu yangu nilipofungua simu usiku ule, wakati wa mapumziko kazini, kutafuta mahali panapofundishwa ufinyanzi karibu na nyumbani, nikakuta watu wanalipa fedha nzuri na kusubiri nafasi kwa wiki kadhaa ili wafundishwe kile nilichokimbia. Nikatujaza wawili: mimi na mama.

Jumamosi ya kwanza

Studio yetu ni ya jamii: chumba kikubwa chenye meza ndefu, magurudumu ya umeme kama kumi hivi, rafu za vyombo vinavyokauka, na tanuru la umeme nyuma. Wanachama wanachangia vifaa. Kuna madarasa ya wiki kadhaa mfululizo, na kuna warsha za siku moja kwa anayetaka kuonja tu. Darasa letu lilikuwa na mwalimu wa shule aliyestaafu, vijana wawili wachumba, dereva wa lori, na sisi.

Tulianza na gurudumu. Unaketi umelikumbatia kwa mapaja, unatupa donge la udongo katikati, unakanyaga kanyagio, linazunguka. Kazi ya kwanza ni kuliweka donge katikati kabisa ili lisiyumbe. Usipofanikiwa hapo, kila utakachojenga juu yake kitakwenda upande. Mimi, niliyeweka sindano kwenye mishipa ya watoto wachanga, nilishindwa nusu saa nzima. Donge langu liliruka likampata dereva wa lori gotini.

Mama hakutaka kulikalia lile gurudumu. "Siwezi kukaa hivi mbele ya watu," akaninong'oneza, "kama niko leba."

Akachukua donge lake, akaenda pembeni, akaomba sahani mbovu. Akaliweka donge juu ya sahani, akalitoboa kwa ngumi, akaanza kuvuta ukuta juu huku anaigeuza sahani taratibu kwa mkono wa kushoto. Hakutumia kifaa zaidi ya kipande cha kibuyu alichokitoa kwenye mkoba wake. Sikujua kama alisafiri nacho. Kwa dakika ishirini hivi chungu kilikuwa kimesimama, ukuta mwembamba na sawa pande zote.

Darasa lilikuwa limenyamaza. Mwalimu alisogea, akapiga magoti kando ya meza, akaniomba nimuulize mama kama anaweza kufanya tena, polepole. Nikatafsiri. Mama akajibu, "Mwambie kwanza atazame mkono wa ndani. Wote wanatazama mkono wa nje, na kazi iko ndani."

Baadaye mwalimu alitoa kitabu rafuni, akatuonyesha vyungu vya Magdalene Odundo. Kama humjui, ni Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Huko Odundo alijifunza kujenga chungu kwa mkono, bila gurudumu. Hadi leo hajengi kwa gurudumu wala hapaki glezi. Husugua udongo hadi unang'aa, kama walivyofanya bibi zetu. Vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa, ikiwemo British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame.

Mama alivitazama vile vyungu muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya picha, kwenye shingo ya chungu kimoja. "Huyu anajua," akasema. Halafu: "Lakini hiki hakipikiwi." Nikamwambia hapana, hakipikiwi, kinatazamwa tu. Akatikisa kichwa.

Maharage yaliyomwagika

Hapa nieleze kosa langu, maana laweza kumsaidia mwingine.

Chombo cha studio na chungu cha kijijini havifanani, hata vikiwa na umbo moja. Kijijini mfinyanzi hutafuta udongo wenye mchanga, au huchanganya unga wa vigae vilivyosagwa. Halafu chungu huchomwa kwa nyasi na kuni, mahali pa wazi, kwa joto ambalo mara nyingi halifiki nyuzi 900 za Selsiasi. Hakiivi hadi kuwa jiwe. Hubaki na vijitundu vidogo visivyoonekana. Vijitundu hivyo pamoja na mchanga ndivyo vinavyokiwezesha kutanuka kikikutana na moto na kusinyaa kikipoa, bila kupasuka. Ndiyo maana kinakaa juu ya mafiga miaka.

Studio nyingi huchoma mara mbili. Mara ya kwanza ni karibu nyuzi 1,060, chombo kinakuwa kigumu lakini bado kinafyonza maji. Kisha kinapakwa glezi, yaani unga wa madini uliokorogwa na maji, na kuchomwa tena hadi karibu nyuzi 1,220. Hapo glezi inayeyuka kuwa kama kioo, na udongo wenyewe unashikana kama jiwe. Chombo hicho ni imara, hakivuji, unakiosha kwa sabuni, lakini ukikiweka moja kwa moja juu ya moto wa jiko, chini kunapata joto la ghafla kuliko juu, na kinapasuka.

Mwalimu alilieleza hilo darasani kwa Kiingereza. Mimi nilisikia, sikutafsiri. Nilijiambia, mama anajua vyungu kuliko sisi sote, nitamweleza nini?

Wiki ya nne chungu chake kilitoka tanuruni, kimepakwa glezi ya kahawia, kizuri. Kilikuwa kimesinyaa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa kwanza, na mama alishangaa kwamba Marekani hata vyungu vinapungua. Usiku ule nilikuwa kazini. Alfajiri akampa baba watoto simu anipigie.

"Mwanangu, chungu kimeniua," akasema. Nilishtuka, nikadhani ameungua. Kumbe aliloweka maharage tangu jioni, akakibandika chungu juu ya jiko la gesi, na maharage yalipoanza kuchemka kikalia kama bunduki. Maji na maharage vilifika hadi sakafuni. Hakuungua, namshukuru Mungu. Lakini angeungua, na kosa lingekuwa langu.

Niliporudi nilimkuta ameshafagia. Vigae alikuwa amevipanga mezani. Nikamweleza kila nilichopaswa kumtafsiria, nikamwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali: joto kiasi gani, saa ngapi, udongo unatoka wapi, kwa nini wanauosha mchanga wote. Akasema, "Kumbe hawakufanya vibaya. Wametengeneza sahani. Mimi nikaifanya chungu." Na akaongeza jambo lililonichoma: "Mimi sikuja kujua kila kitu. Usiwe unaniamulia cha kusikia."

Nimelibeba neno hilo hadi hospitalini. Ni mara ngapi mtoto anamtafsiria mzazi wake mbele ya daktari, na kati ya sentensi tano anampa moja? Tunafanya kwa mapenzi, ili tusimchoshe, tusimtishe. Lakini mzee anabaki nje ya mambo yake mwenyewe.

Mtungi

Kuanzia hapo mama akawa mwanafunzi wa kweli, na mwalimu wa kweli pia. Alimwomba mwalimu wetu udongo wenye chembechembe za vigae ndani, na studio ilikuwa nao. Wachongaji wa vitu vikubwa huutumia. Kuchoma kwa nyasi nyuma ya nyumba si jambo la kujiamulia huku, hasa kiangazi, kwa hiyo walikubaliana chombo chake kichomwe mara moja tu, kwa joto la kwanza, bila glezi.

Walibishana kuhusu kitako. Mwalimu alitaka kitako bapa, ili chombo kikae vizuri kwenye rafu ya tanuru. Mama alisema kitako bapa kina kona, na ufa hupenda kona. Mwishowe alifinyanga pete ya udongo, mtungi ukakalia pete hiyo ndani ya tanuru. Wote wawili waliondoka wakiamini wameshinda.

Mtungi ulipotoka, mama aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akaukubali. Tukaujaza maji, tukauweka kivulini pembeni mwa mlango wa nyuma. Nje joto lilikuwa limepita nyuzi 35. Mtungi ukaanza kutoka jasho, na baada ya saa chache maji yalikuwa baridi ya kupendeza, bila umeme. Maji hupenya polepole hadi nje ya mtungi, yanakauka kwa hewa, na yanapokauka yanaondoka na joto. Mwanangu wa miaka minne, ambaye nilikuwa nahangaika naye anywe maji badala ya juisi, alikuwa anakwenda mtungini mara kumi kwa siku kwa sababu ulikuwa "wa bibi".

Studio ikaniomba mama aongoze warsha moja ya Jumamosi, watu waje wamwone, na wakataka kumlipa. Hapa tuwe waangalifu, ndugu zangu. Mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi ya B-2 anaruhusiwa kuhudhuria darasa fupi la kujifurahisha, lisilo la kutafuta shahada. Haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa. Nikawaambia hivyo, wakaelewa. Mama akakubali kuja kama mgeni tu, kuonyesha, bila senti. Nilipomweleza sababu, akacheka: "Tulisema mfinyanzi hulia gaeni. Kumbe huku halii hata gaeni."

Watu walijaa. Alikuja mama mmoja wa Kikongo anayeishi jirani, aliyesikia kwamba kuna bibi anazungumza Kiswahili. Yeye hakugusa udongo, alikaa kando ya mama wakazungumza hadi jioni. Tangu siku hiyo alikuwa anapita nyumbani mara mbili kwa wiki. Nikipima kwa macho ya muuguzi, nasema aliyemtoa mama kwenye huzuni zaidi ya udongo ni mama yule. Lakini bila udongo wasingekutana.

Ukitaka kujaribu

Wasomaji kadhaa tunaofahamiana wameniuliza waanzie wapi, kwa hiyo nitaje machache.

Anza na warsha ya siku moja kabla ya kulipia darasa zima. Uliza bei inajumuisha nini. Pengine ada ni ya mafundisho tu, na udongo, glezi na kuchoma vinalipiwa peke yake. Udongo mara nyingi huuzwa kwa mfuko wa pauni 25, ambazo ni kama kilo 11. Mzee asiubebe peke yake. Uliza pia kama kuna darasa la kujenga kwa mkono. Mwenye goti au mgongo unaouma hatafurahia gurudumu, lakini mezani atakaa vizuri.

Jihadhari na vumbi. Udongo mkavu una madini ya silika, na vumbi lake likivutwa miaka mingi huharibu mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Studio nzuri husafisha kwa maji na sponji, haifagii vumbi kavu. Ukiona watu wanafagia kwa ufagio na vumbi linaruka, tafuta mahali pengine. Kata kucha, vua pete, paka mafuta mikononi baadaye, kwa sababu udongo hukausha ngozi. Mwenye kisukari afunike mchubuko wowote kabla ya kuanza.

Chombo cha kulia au kunywea kipakwe glezi ambayo mwalimu amethibitisha inafaa kwa chakula. Usinunue chombo cha zamani chenye rangi kali usichojua kilitoka wapi ukamwekea mtoto uji. Glezi nyingine za zamani zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Na mtungi usio na glezi ubadilishe maji kila siku, uusugue, uuanike ukauke.

Je, udongo ni dawa? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia waliwapima mate watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa, udongo ukiwa miongoni mwa vifaa walivyochagua. Kwa karibu robo tatu yao, kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na haikujali kama mtu ana uzoefu au hana. Ni utafiti mdogo, tusiukuze. Mzazi wako akiacha kula, akilala mchana kutwa au akisema hana haja ya kuishi, mpeleke kwa daktari kwanza. Udongo utamsubiri.

Kilichobaki

Mama hakuondoka mwezi wa nane. Aliondoka mwezi wa kumi na mbili, siku iliyoandikwa kwenye tiketi yake. Kwenye sanduku alifungasha sponji mbili na waya wa kukatia udongo, ambao alisema ndicho kitu pekee cha maana alichokiona kwenye maduka ya Marekani. Kile kipande cha kibuyu aliniachia mimi.

Mtungi uko pale pale pembeni mwa mlango. Jumamosi nisipokuwa na zamu nakwenda studio na mwanangu, tunakaa kwenye meza ya mkono. Vyungu vyangu bado vinaegemea upande mmoja, na nikimwonyesha mama kwa simu ananiambia nitazame mkono wa ndani. Juzi mgonjwa mmoja mzee aliona udongo chini ya ukucha wangu, kidogo tu niliokosa kuutoa, akaniuliza ni nini. Nikamwambia mama yangu ni mfinyanzi, na mimi ninajifunza.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ikiwa mzazi wako yuko kwako sasa hivi, au anakuja kiangazi hiki, kabla hujampangia kulea na kukunja nguo, muulize mikono yake ilikuwa inafanya nini kabla hujazaliwa. Huenda ni kusuka ukili, kushona, kulima mchicha au kufinyanga. Halafu tafuta mahali hapo ulipo ambapo kazi hiyo inafanywa, umpeleke, ukae naye, na umtafsirie kila neno.